MWENYE KUBAKI NYUMBANI NAYE AMETUMWA

Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Naishukuru Halmashauri kwa kunipa nafasi ya kusema mbele yenu. Jambo nililoombwa kulieleza ni hili: nyumba yenye watoto, ambayo mzazi mmoja husafiri mara kwa mara kwa kazi ya kueneza Injili, na mwenzake yumo katika masomo, yawezaje kusimama bila kazi hiyo kuharibika, wala masomo kukatika, wala watoto kupotea?

Nadhani nilichaguliwa kwa sababu jambo lenyewe nalijua. Mume wangu ni mwinjilisti, na kazi yake humpeleka Tana River na Marsabit. Mimi ni mwalimu mwenye cheti cha P1, nami nasomea shahada ya ualimu wakati wa likizo za shule. Tuna watoto wanne. Lakini sikuja kuwasimulia habari za nyumba yangu. Katika Chama hiki zipo nyumba nyingi za namna hii, na katika mkutano huu Halmashauri itawaomba mwamue kama mfuko wetu wa elimu utaweza kuwakopesha wazazi wanaosoma, au utabaki kwa ajili ya watoto peke yao. Nataka uamuzi huo muufanye mkiwa mnayajua mambo yalivyo.

Bwana Mwenyekiti, jambo hili si jipya hapa kwetu pwani. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosina. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Rosina alifariki dunia, na mtoto wao mchanga akamfuata. Kaburi lake lipo upande wa Nyali hata leo. Vitabu vyasimulia kwa urefu safari za Krapf. Habari za Rosina ni mistari michache tu. Tena mwaka 1852, huko Cape Town, David Livingstone alimpakia mkewe Mary melini pamoja na watoto wao wanne waende Uingereza, naye mwenyewe akarudi bara. Alivuka Afrika kutoka Luanda hata Quelimane, akafika mwaka 1856, na sifa zake zikaenea duniani. Katika miaka minne hiyo Mary alikuwa akihamahama na watoto, fedha zikimpungukia. Mwaka 1862 alifia Shupanga, kando ya mto Zambezi, alipokuwa amemfuata mumewe.

Siyataji haya ili kuwalaumu waliokwisha lala. Nayataja kwa sababu yana fundisho. Yule aliyesafiri alikuwa ametumwa: alikuwa na barua ya kutumwa, na posho, na watu wa kumwombea. Yule aliyebaki hakupewa barua, wala posho, wala jina la kazi yake. Lakini kazi aliifanya. Safari ya mmoja ni kazi ya wawili, na yule anayebaki nyumbani naye ametumwa. Hilo ndilo neno langu la leo, na mengine yote nitakayosema ni maelezo yake tu.

Wazee wetu mabaharia walilijua jambo moja ambalo sisi twalisahau. Jahazi liliondoka kwa upepo wa kusi na kurudi kwa kaskazi. Safari ilikuwa ndefu na ya hatari, lakini ilikuwa na majira yake, na mke wa baharia alijua mwezi wa kumtazamia mumewe. Aliweza kupanga akiba ya chakula, na deni, na hata arusi ya binti. Siku hizi safari zimekuwa fupi. Barabara ya lami imefika Marsabit na kupita hata Moyale, na simu ipo mkononi. Lakini safari zetu zimekuwa za ghafula. Jioni simu yalia, na asubuhi mtu yumo garini. Safari fupi isiyo na majira yaweza kuivuruga nyumba kuliko safari ndefu yenye majira.

Sasa nieleze ugumu wenyewe ulipo, maana wengi hudhani kwamba ugumu ni uchovu tu. La, sivyo. Ugumu mkubwa uko katika kalenda. Vyuo vikuu vyetu kadhaa huwafundisha walimu wakati wa likizo, yaani Aprili, Agosti na Desemba, kwa sababu ndipo mwalimu anapokuwa huru. Makanisa nayo hupanga mikutano mikubwa ya Injili na makambi ya vijana katika miezi hiyo hiyo, kwa sababu ndipo vijana wanapokuwa nyumbani na majengo ya shule yanapokuwa wazi. Na watoto wetu wenyewe nao hufunga shule katika miezi hiyo hiyo. Basi mama yuko chuoni, baba yuko Marsabit, na watoto wako nyumbani mchana kutwa, na yote hayo katika wiki moja. Hapo hapana mtu mwovu wala mvivu. Kila mmoja yuko mahali panapompasa, na nyumba imebaki bila mtu.

Kwa hiyo, jambo la kwanza ni kikao cha nyumba. Mwanzoni mwa kila mwaka mume na mke waketi na daftari. Waandike siku za chuo, siku za mitihani, siku za kufunga na kufungua shule, na siku za safari zinazojulikana. Kisha watie alama pale zinapogongana. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na siku za mtu ni mali kuliko fedha. Pale panapogongana, waamue mapema ni nani atakayebaki. Mara nyingine mikutano itakwenda na mhubiri mwingine. Mara nyingine mke ataahirisha muhula, na vyuo huruhusu jambo hilo kwa mwanafunzi aliyeomba kwa utaratibu. Lakini muhula ulioahirishwa kwa mapatano ya wawili ni pumziko tu, na masomo huendelea baadaye. Masomo yaliyoachwa kimyakimya kwa sababu hapana aliyeuliza ni jeraha, nalo huchukua miaka mingi kupona.

Jambo la pili ni fedha. Kazi ya Injili kwa kawaida haina mshahara mkubwa, na sadaka za safari huja leo na kukosa kesho. Karo ya chuo haingoji. Inafaa nyumba itenge mafungu matatu: chakula na kodi, karo na vitabu, na nauli ya msafiri. Na iwe sheria kwamba fungu moja halikopi fungu jingine bila wote wawili kukubaliana. Tangu mwaka 2007 twaweza kutumiana fedha kwa simu, na huo ni msaada mkubwa kwa nyumba kama hizi, maana aliye mbali aweza kununua unga wa nyumbani kwake akiwa jangwani. Lakini wepesi huo una mtego wake pia. Mhubiri akiharibikiwa na gari njiani atapiga simu, na fedha ya kwanza kupatikana nyumbani ni ile iliyowekwa kwa karo. Kanisa linalotuma lina wajibu wa kujua jambo hili. Anayemtuma mtu safari bila nauli ya kurudi, amemtoza mkewe.

Jambo la tatu, nalo ndilo linaloniumiza moyo zaidi, ni mtoto wa kike wa kwanza. Baba akisafiri na mama akisoma, ni nani apikaye? Ni nani amwoshaye mdogo na kumpeleka shule? Mara nyingi ni binti wa miaka 12 au 13. Watu humsifu: "Huyu ni mama mdogo." Lakini yeye naye ni mwanafunzi, na daftari zake zimelala. Tusijenge shahada ya mama juu ya mgongo wa binti, wala tusijenge kanisa la mbali kwa kubomoa masomo ya mtoto wa karibu. Kazi za nyumbani ni malezi mema, nami nazipenda, lakini ziwe na kipimo, na wavulana nao wagawiwe. Kijana wa kiume ajuaye kusonga ugali hakupungukiwa na heshima yake. Kadhalika, bibi mzaa mama akija kutusaidia, aje kwa kuombwa na kwa siku zilizohesabiwa, wala asigeuzwe mtumishi katika uzee wake. Na mtumishi wa nyumbani, kwa wale wawezao kumwajiri, alipwe mshahara wake kwa siku yake na apate siku ya kupumzika. Haifai mtu kuhubiri haki Marsabit huku jikoni kwake yuko asiyelipwa.

Tukumbuke pia kwamba Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 45, yasema mume na mke wana haki sawa katika ndoa. Na katika kifungu cha 53 yasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wake, na kwamba jukumu hilo ni la baba na mama kwa usawa. Haikusema kwamba jukumu la baba hukoma anapopanda gari.

Jambo la nne ni saa za kusoma. Mama mwenye watoto hawezi kungoja mpaka kazi ziishe ndipo asome, kwa kuwa kazi za nyumbani haziishi. Hana budi kuziibia saa. Wengi wetu twasoma kuanzia saa 10 hata saa 12 alfajiri, nyumba ingali imelala. Saa 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki, katika wiki 12, ni saa 120. Hiyo si haba. Lakini mtu anayeamka saa 10 hana budi kulala mapema, na hapo ndipo majirani na jamaa wanapotakiwa kuelewa. Mgeni akipita saa 4 usiku kumwamkia mke wa mwinjilisti na kumletea maombi yake, na kesho mwingine, na keshokutwa mwingine, ataisikia sauti ya ukarimu, lakini hatajua kwamba amekula saa za mtihani. Mwinjilisti akiwa safarini, mlango wake usigeuzwe ofisi ya kanisa.

Jambo la tano lamhusu msafiri mwenyewe. Simu yake iwe na saa yake, na watoto waijue. Asiulize tu, "Hamjambo?" Aulize hesabu za leo zilikuwaje, na ni nani aliyekohoa usiku. Ajue siku ya mtihani wa mkewe kama anavyojua siku ya mkutano wake. Na akirudi, asirudi kama mgeni. Najua kwamba atakuwa amechoka, amelala chini, amekunywa maji ya chumvi. Apumzike. Lakini wahenga wetu walikuwa na hekima waliposema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ashike nyumba, na mwenzake ashike kitabu. Nimewaona waume wafanyao hivyo, wakawapeleka watoto kliniki wakifuata kadi mkononi, na sijasikia kwamba mahubiri yao yalipungua nguvu. Bali watu waliwasikiliza zaidi.

Nami sisemi kwamba anayesafiri ni mume siku zote. Wako miongoni mwetu wanawake wanaotumwa, wauguzi wa zahanati za makanisa na viongozi wa umoja wa wanawake, ambao waume zao ndio wabakio na watoto na vitabu. Hao nao husemwa vibaya, kwamba wametawaliwa. Wazee wangu, neno hilo lina sumu. Mwanamume anayelinda nyumba yake wakati mkewe yuko katika kazi njema, huyo naye ametumwa.

Naomba sasa nijibu maneno mawili ambayo husemwa barazani. La kwanza: "Kwa nini asingoje watoto wakue?" Ni kweli kwamba elimu haina mwisho. Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, baada ya karo za shule za msingi kuondolewa mwaka 2003. Twamheshimu sana. Lakini tusimtumie kama hoja ya kuwachelewesha wengine. Yeye mwenyewe alikuwa ushahidi wa gharama ya kungoja. Marehemu Profesa Wangari Maathai alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, mwanamke wa kwanza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati kufika daraja hiyo, naye wakati huo alikuwa mke na mama. Tena mwaka 1967 huko Kikuyu yalianzishwa masomo ya posta yaliyosaidiwa na vipindi vya redio, na walimu wengi wa shule za msingi walijiendeleza kwayo bila kuacha madarasa yao wala nyumba zao. Kwa hiyo, kusoma huku ukilea ni mila yetu ya miaka mingi, wala si tamaa ya siku hizi.

Na kuna sababu nyingine ambayo watu huiogopa kuitaja. Njia zina ajali na maradhi. Kazi ya Injili mara nyingi haina malipo ya uzeeni, wala bima ya kutosha. Msafiri asiporudi, au akirudi akiwa mgonjwa, nyumba itasimama juu ya kazi ya yule aliyebaki. Mwalimu mwenye shahada ana nafasi ya kupanda cheo. Mwenye cheti peke yake njia yake ni nyembamba. Chama hiki kimewazika wanachama wetu kwa heshima, na kimewachangia wajane. Nauliza kwa unyenyekevu: si afadhali kumsaidia mke kusoma akiwa na mume, kuliko kumchangia unga akiwa mjane?

Neno la pili husemwa hivi: "Basi mume aache safari." Mimi sisemi hivyo, na wala wengi wa wake hawasemi hivyo. Twajua kazi hiyo ina thamani, na tuliolewa tukiijua. Twalotaka ni safari iwe na majira, kama jahazi la zamani. Mtu mwenye mpaka wa safari zake hudumu katika kazi miaka mingi. Asiye na mpaka huchoka yeye, na nyumba yake hubomoka, na kazi aliyoipenda huaibika pamoja naye.

Bwana Mwenyekiti, namalizia kwa maombi matatu kwa mkutano huu.

Kwanza, mfuko wa elimu ufunguliwe kwa mzazi anayesoma, kwa mkopo wenye kurudishwa kila mwezi, tena kwa sahihi za mume na mke pamoja. Sahihi mbili si za kumpa mmoja ruhusa ya kumzuia mwenzake. Ni za kuonyesha kwamba wawili wameketi na daftari, wakakubaliana.

Pili, Katibu awe na orodha ya siku za mitihani za wanachama wanaosoma, kama alivyo na orodha ya wagonjwa. Katika wiki ya mtihani, nyumba moja ya mwanachama iwapokee watoto wa mwenzao kuanzia alasiri hata usiku. Hilo halihitaji hata senti moja kutoka kwa Mweka Hazina. Mkono mmoja haulei mwana.

Tatu, wazee wetu, kila mnapomwaga mtu anayekwenda safari ya Injili na kumwekea mikono, mwiteni na mwenzake anayebaki, asimame kando yake. Mwombeeni kwa jina lake, na kazi yake itajwe mbele ya watu: ya kulea, ya kusoma, ya kuilinda nyumba. Watoto wao wakiwa wamesimama pale wataona kwamba hakuna mzazi wao aliyewaacha. Kila mmoja amepewa kazi. Na siku ya kutoa taarifa ikifika, msafiri atakapoeleza ni vijiji vingapi alivyofika, mwulizeni na aliyebaki amefika wapi katika masomo yake, na watoto wanaendeleaje. Hapo hesabu ya safari itakuwa imekamilika.

Kura ya kuufungua mfuko itapigwa leo alasiri. Walio na swali lolote juu ya haya niliyoyasema, nitakuwa tayari kuwajibu kabla ya saa hiyo.